Kungoja Mfupa Ushike

Wanangu mnaoanza kazi ya kumsaidia daktari wa meno, niwaombe jambo moja kabla sijaanza porojo zangu. Siku mtakapofungua kichupa chenye skrubu ya jino, ile ambayo daktari ataizamisha ndani ya taya la mtu ili baadaye ibebe jino jipya, msiiguse. Mikono itawawasha, najua. Mtaiona imekaa humo, kijivu, haina mng'aro wowote, na mtadhani walioitengeneza walichoka kabla ya kuisugua. Hawakuchoka. Ule mparuzo wake ndio kazi yenyewe, na kuna watu wamesoma mpaka macho yakaisha ili uwe vile ulivyo.

Mimi ni Mama Ndunge. Nimestaafu kwa sababu ya magoti, si kwa sababu nimechoka na watu. Kliniki yetu iko Donholm, Nairobi, juu ya hadiwea inayouza misumari na mabati, na kwa miaka mingi nilisimama upande wa kushoto wa kile kiti, nikishika mrija wa kunyonya mate na kuwaambia watu wazima wasiume daktari. Nimewahi kuumwa mimi mwenyewe, na mchungaji. Hiyo tuiache.

Kuna msichana mmoja aliyekuja kujifunza kwetu karibu na mwisho wa kazi yangu. Nilipomwonya kuhusu kile kichupa aliniangalia huku anatafuna chingamu, ndani ya kliniki ya meno, akaniambia, "Si ni skrubu tu, mathe?" Sikumkaripia. Swali lake lilikuwa la kila mtu. Mzee mmoja wa Majengo aliwahi kupanda ngazi zetu na skrubu yake mwenyewe, ameinunua soko la Gikomba, ameichemsha kwenye sufuria na kuifunga kwa kitambaa cheupe. Akaiweka mezani kwa heshima zote, akatuhakikishia kwamba ni stenlesi, haishiki kutu hata ikae kwenye supu. Nilikimbilia chumba cha nyuma nikajifanya natafuta pamba. Daktari Adhiambo, ambaye ndiye mwenye kliniki, hakucheka. Alivuta kiti akakaa karibu na mzee, akamweleza taratibu, nami kule nyuma nikaacha kucheka nikaanza kusikiliza.

Alimwambia hivi. Ile yetu imetengenezwa kwa titani, chuma chepesi ambacho mwili haukigombezi. Lakini chuma peke yake hakitoshi. Za zamani zilichongwa zikang'arishwa, na mfupa ulipokua kando yake ulichukua muda mrefu, na kwa watu wenye mfupa mwororo wakati mwingine haukushika kabisa. Ndipo wataalamu wakafikiria kuivisha skrubu utando wa madini yaleyale yaliyomo ndani ya mfupa wetu. Mfupa uliupenda ule utando, ukaukimbilia. Shida ni kwamba baadhi ya tando hizo zilikuwa nene, na baada ya miaka zilibambuka kama rangi ya ukuta wa jikoni. Wakarudi tena mezani. Wengine wakajifunza kuweka utando mwembamba sana. Wengine wakaachana na kupaka, wakaipiga skrubu kwa mchanga mkali kisha wakaiogesha kwa asidi, mpaka ikajaa vishimo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Mfupa mchanga huingia mle kwenye vishimo ukajishikilia.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akakunja kitambaa chake, akashukuru. Nasikia ile skrubu aliifungia bawaba ya mlango wake, na mlango unafungika vizuri.

Mimi kazi nilifundishwa na Sista Rhoda, nesi aliyekuwa ameshastaafu mara moja akakataa kukaa nyumbani. Mwanamke wa maneno machache na kucha zilizokatwa mpaka kwenye nyama. Yeye alinifundisha kwamba kitu chochote kinachokaa mdomoni lazima kiwe laini. Jino likizibwa, sugua. Meno ya kuvaa yakiletwa na fundi, yapitishie kidole, na ukihisi mahali panapokwaruza, yarudishe. Alikuwa akisema ulimi wa mtu ni inspekta, unapita kila mahali na hausahau. Nilimwamini, na hata leo namwamini, kwa mambo yote isipokuwa hili moja.

Siku za kwanza za zile skrubu, Sista Rhoda alipewa kichupa akifungue. Akaitoa skrubu kwa koleo safi, akaona ilivyo ya kijivu, imelowa yale maji ya chumvi inamohifadhiwa, na mkono wake ukafanya yale uliyofanya maisha yake yote. Aliifuta kwa kitambaa kilichochemshwa. Aliifuta vizuri, pande zote, kisha akamnyooshea daktari. Kitambaa kilikuwa safi kuliko nafsi zetu sote mle chumbani, lakini kilikuwa kimeacha nyuzi zake kwenye vile vishimo. Daktari aliiangalia, akaiweka kando, akaomba nyingine. Mgonjwa hakujua lolote.

Wakati wa chai daktari alituita. Aliweka mezani skrubu mbili, moja ya kizamani inayong'aa na moja mpya ambayo haijaguswa, akajidunga kidole kwa sindano. Kwenye ile inayong'aa tone la damu lilikaa palepale kama tone la mvua kwenye bati. Kwenye ile nyingine damu ilipanda. Ilipanda yenyewe, ikazunguka kwenye mikunjo ya skrubu kwenda juu, mpaka yote ikawa nyekundu. Sista Rhoda aliinama akaitazama kwa muda mrefu.

"Kwa hivyo damu ya mgonjwa ndiyo inatakiwa kufika kwanza," akasema.

"Kabla ya mkono wa mtu yeyote," daktari akamjibu.

Tangu siku hiyo Sista Rhoda ndiye aliyekuwa mkali kuliko sisi sote. Alikuwa akisimama mlangoni na kuuliza kama kuna mtu anaota kushika kitu. Katika ugonjwa wake wa mwisho, nilipokwenda kumwona, aliniuliza habari za kliniki kabla hajaniuliza habari za watoto wangu.

Basi sasa niwaambie habari za Wafula, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Wafula alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni, mkaazi wa mtaa wa Pipeline, mtu wa Bungoma kule magharibi. Mpole, mrefu, wa kuingia mlangoni huku ameinama hata mahali ambapo hapana haja. Mkono wa kigari cha kubebea mizigo ulimpiga mdomoni kazini, ukamvunja jino moja la mbele la juu hadi kwenye mzizi. Kwa mtu mwingine lingekuwa pengo la kuonea aibu kwenye picha. Kwa Wafula lilikuwa jambo jingine, kwa sababu alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya kanisa lao. Tarumbeta ina kile kikombe cha chuma cha kupulizia, ambacho mpigaji hukiegemeza kwenye midomo, na midomo nayo huegemea meno ya mbele. Bila meno yale hakuna sauti, kuna upepo tu. Alituonyesha. Alileta tarumbeta yake kwenye mfuko wa turubai akapuliza pale kitini, ikatoa pumzi kama ya mtu anayelala. Akairudisha kwenye mfuko haraka, na mimi nikaangalia pembeni.

Daktari Adhiambo alipolipiga picha lile taya alimweleza bila kumficha. Mfupa wa mbele ulikuwa mwembamba, na lile pigo lilikuwa limeumega. Palikuwa na mahali pa kukaza skrubu moja, basi. Ikishika, atapata jino atakaloweza kuliegemezea tarumbeta. Ikikataa, itaondoka na mfupa uliobaki, na kuurudisha ni upasuaji mkubwa ambao huenda usifaulu. Wafula alisema anaelewa. Mkewe, aliyekuwa amekaa nyuma yake na mkoba magotini, aliuliza ni nini kinachoweza kuifanya ikatae.

Na hapa, wanangu, sikilizeni, kwa sababu hili mtaulizwa kila siku. Skrubu ikiwa imetulia, damu hugeuka kuwa mfupa mle kwenye vishimo vyake. Ikitikiswa wakati mfupa bado mchanga, hata mtikisiko mdogo usiouona, mwili hukata tamaa na mfupa, ukaizungushia nyama laini badala yake. Na nyama haishiki chochote. Utando mzuri hupunguza miezi ya kungoja na huupa mfupa pa kujishikilia, lakini haumwondolei mtu ile kazi ya kungoja. Kwa hivyo daktari alipokwisha kuizamisha skrubu aliziba ufizi juu yake, akampa Wafula jino la plastiki la kuvaa na kuvua ili asitembee na pengo, akamwambia: usitafune mbele, usisukume kwa ulimi, na tarumbeta usiiguse mpaka nikwambie.

Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri. Alikuwa akija kukaguliwa, anatuambia jinsi anavyokaa kanisani na bendi yake akishika matoazi, na watoto wa shule ya Jumapili wanamcheka.

Kisha mamake akafariki.

Alikuja asubuhi bila miadi, amevaa koti la suti, tayari kwa safari ya nyumbani. Nilijua kabla hajafungua mdomo, kwa jinsi alivyosimama mlangoni bila kuinama. Tulimpa pole, akakaa. Akatueleza kwamba katika kanisa lao la nyumbani, mwili unapotolewa ndani ya nyumba, tarumbeta ndiyo hutangulia, na kama marehemu ana mtoto anayepiga, hakuna mwingine anayeruhusiwa kumpigia. Watu hawachagui. Mtoto ndiye hupiga. Mamake ndiye aliyeuza ng'ombe ili anunuliwe ile tarumbeta akiwa shuleni, na mara nyingi alimwambia, mbele ya watu na kwa kicheko, kwamba anajua nani atamtoa kwa mlango.

"Daktari, nikipiga wimbo moja tu?" akauliza. "Pole pole. Moja tu."

Daktari Adhiambo ni mtu wa kwao, wa magharibi, ingawa si wa kabila lake, na habari za mlango ule anazijua. Alivua barakoa. Akamwambia kwamba kile kikombe kitalisukuma jino la plastiki, jino litausukuma ufizi, na chini ya ufizi ndipo ilipo skrubu, na mfupa uko katikati kabisa ya kuishika. Hawezi kumwambia kwamba itang'oka. Hawezi kumwambia kwamba haitang'oka. Angekuwa na njia ya kuuharakisha ule mfupa angefanya hivyo sasa hivi, lakini hana, na hakuna mtu duniani aliye nayo. Kisha akasema uamuzi ni wa Wafula, na wowote atakaouchukua, mlango wa kliniki uko wazi.

Nilimsindikiza mpaka kwenye ngazi. Pale chini hadiwea walikuwa wakipakia mabati na kelele zilikuwa nyingi, kwa hivyo aliinama karibu na sikio langu. Akaniuliza, "Wewe Mama, ungefanya nini?"

Nimejiuliza mara nyingi kama nilimjibu vyema. Nilimwambia kwamba mimi ni mama wa watoto wanne, na kama ningekuwa ndani ya lile sanduku, ningetaka mwanangu abaki na tarumbeta yake. Lakini pia nilimwambia kwamba mimi si mama yake, na kwamba sisi Wakamba tunazika kwa namna yetu, sijui uzito wa ule mlango wa nyumba yao. Aliitikia kwa kichwa, akashuka.

Hakupiga.

Hayo alikuja kutueleza yeye mwenyewe baadaye. Alikwenda nyumbani na tarumbeta yake mfukoni, akaiweka kando ya jeneza, na akasimama hapo mikono mitupu. Aliyepiga alikuwa mpwa wa mchungaji, ambaye hakuujua wimbo vizuri na alikosea pale panapopanda. Watu walinong'ona. Baba yake mdogo hakunong'ona, alisema kwa sauti, pale kaburini, kwamba kijana wa Nairobi ameogopea jino. Wafula alijaribu kueleza habari za skrubu yenye vishimo na mfupa unaokua ndani yake. Mfikirieni, wanangu, mtu amesimama kando ya kaburi la mamake, anaeleza watu habari za utando wa skrubu. Akaona nyuso zao, akaacha.

Miezi iliyobaki alikuja kukaguliwa kila alipoitwa, lakini hakuongea. Aliacha pia kwenda na bendi. Mkewe ndiye aliyeniambia kwamba tarumbeta iko juu ya kabati na hairuhusiwi kufutwa vumbi. Niliogopa sana wakati ule, kusema kweli. Niliogopa kwamba daktari atafungua ufizi na kukuta skrubu inacheza, na mtu huyu atakuwa amepoteza vyote viwili. Kuna mifupa inayokataa hata mwenyewe akifanya yote aliyoambiwa. Nilikuwa nimeiona.

Siku ya kufungua ilipofika, daktari alichana ufizi kidogo, akagonga ile skrubu kwa mpini wa kioo chake cha kukagulia meno. Hili nalo mjifunze kulisikiliza. Iliyoshikwa na nyama hutoa mlio mzito, uliokufa. Iliyoshikwa na mfupa hulia kwa ukali, sauti fupi na kavu. Yetu ililia. Akagonga tena. Akaijaribu kwa kile kifaa cha kukazia, ikakataa kugeuka hata kidogo. Daktari akasema, "Imeshika, Wafula." Mimi nilifurahi mpaka machozi yakanitoka ndani ya barakoa. Wafula alifumba macho, akasema asante, kama mtu aliyeambiwa basi limefika.

Baada ya fundi kutengeneza jino lenyewe, daktari alimwambia aje na tarumbeta. Hiyo si hisani, ni kazi. Jino la mpiga tarumbeta halilinganishwi kwa kioo pekee. Likiwa limejitokeza kidogo tu, au ukingo wake ukiwa mkali, kikombe hakitakaa na mdomo utaumia. Ni lazima mwenyewe apulize, daktari aangalie, asugue pale panapohitajika, apulize tena.

Alikuja na ule mfuko wa turubai. Mlango wa chumba cha kungojea tuliuacha wazi kwa sababu ya joto, na kule nje palikuwa na wagonjwa kadhaa, wamekaa na mashavu yao. Daktari alikaza jino, akarekebisha huku na huku, akamwambia apige noti moja, yoyote, ya chini, asisukume kwa nguvu.

Akapiga noti moja. Ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa sauti. Daktari akasugua ukingo. Akapiga nyingine. Daktari akasema vizuri, sasa moja ya juu kidogo.

Wafula aliteremka kwenye kiti. Akasimama, kifuani bado ana ile aproni ya plastiki tunayowavalisha wagonjwa, akageuka kuangalia dirisha, akapiga mstari mzima wa wimbo. Nilijua ni wimbo gani ingawa sikuwahi kuusikia. Palipopanda, alipanda vizuri, bila kukosea, na kule chini hadiwea mtu aliyekuwa akikata mabati aliacha kukata.

Mwisho wa mstari akanyamaza, akashusha tarumbeta. Nilidhani amemaliza, au jino limemuuma, nikapiga hatua kumwendea. Daktari akanizuia kwa mkono. Yeye alijua. Kwao kule magharibi, tarumbeta hupiga mstari peke yake, kisha hunyamaza ili walio uani waimbe jibu, na mpigaji haendelei mpaka amejibiwa. Wafula alisimama pale, amenyamaza, mbele ya dirisha lisilo na mtu.

Kule kwenye chumba cha kungojea akainuka bibi mmoja ambaye hatukuwa hata tumemwandikisha bado, kitambaa kimefungwa kutoka kidevuni hadi utosini kwa sababu ya uvimbe, akaimba. Aliimba kwa lugha ya kina Wafula, kwa mdomo unaofunguka nusu. Wawili wengine wakasimama wakaingia naye, na wasioyajua maneno wakasimama pia, kwa sababu kila mtu anajua wimbo wa aina hiyo unaposikika. Nami nilisimama na glavu zangu, nikalia waziwazi.

Walipomaliza jibu, Wafula aliinua tarumbeta akaendelea na mstari wa pili, wakajibu, na wa tatu, mpaka mamake akatoka kwa mlango. Daktari Adhiambo alisimama wakati wote huo kioo kikiwa mkononi. Kulipokuwa kimya alingoja kidogo, akavuta taa karibu, akamwambia akae tena afungue mdomo.